Majamvi ya Nadhira

Duka langu la fotokopi, hapa Tibirinzi, limepakana na kijiwe, kwa hiyo mazungumzo ya wanaume hunifikia hata nisipoyataka. Asubuhi ile Talib alikuja na simu mkononi na tikiti ya boti ya Unguja mfukoni. Alikuwa amempelekea posa Nadhira wa Pujini. Naye, badala ya kukubali au kukataa, akamrudishia ubeti kwa sauti yake mwenyewe. Talib alituwekea tusikie, kahawa ikimpoa:

Karafuu zi juani, wingu lainuka mbele,
Niko peke uwanjani, majamvi yalala vile.

Silima, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, alisema Talib amekataliwa. Wingu ni giza, na giza halina tafsiri nyengine.

Ame, jina lake Wakili kwa sababu hajashinda kesi hata moja, aliona hilo halitoshi.

— Wingu ni mtu. Kuna mwanamume mwengine, mrefu.

— Mrefu umemjuaje?

— Si lainuka?

Redio hakukubali kupitwa. Karafuu akazifanya serikali, jua likawa kodi, majamvi wakawa wananchi waliolala. Talib akauliza yeye yumo wapi. Wakamwambia hayumo. Akatoa tikiti, akaangalia saa ya boti.

Nilikwishachoka kunyamaza, ila Bi Ummkulthum, aliyetusomesha fasihi wengi wetu, alikuwa keshaingia kutoa nakala. Aliomba kuusikia ubeti, kisha akauliza neno la kukataa liko wapi humo.

— Talib, mwanangu, wingu likitanda, na karafuu za jirani zimeanikwa majamvini, wafanyaje?

— Nakimbia nikamsaidie kuzianua, Bi.

— Mpaka uitwe?

— Haitwi mtu. Ukiliona wingu, wenda.

— Basi mwenzio kakwambia wingu analiona, na yuko peke yake.

Hakutia kitu ambacho Nadhira hakukisema. Aliyarudisha maneno kwenye uwanja yalikotoka, akachukua nakala zake. Chuo kikuu nilisikia nadharia nyingi. Usomaji safi kama ule, mara chache.

Wakili alibaki amekunja uso.

— Lakini msimu wa karafuu umekwisha. Sasa huyu anakwenda kuanua nini?

Talib alikuwa keshavuka barabara kuelekea Pujini, na tikiti ya boti imebaki chini ya kikombe chake.