Siku Tuliyoitoa Sailensa ya Radi

Kijiwe chetu pale Gikondo ni kiti cha nyuma cha basi dogo lililokufa zamani, tulichokiegemeza kwenye ukuta wa duka langu la kushona nguo. Mukeshimana huweka birika lake la kahawa upande wenye kivuli, na sisi hukaa vilevile siku zote: Bayingana, tunayemwita Kampala kwa sababu alikulia Uganda na hajawahi kutuacha tusahau, Aimable, fundi wa magari, ambaye kwetu ni Daktari, Conrad, dereva mstaafu, tunayemwita Radi, na mimi, Shafiq, wanayeniita Sindano. Jumamosi ile tulikuwa tumetoka umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, majembe yakiwa bado na udongo mbichi. Barabara ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa na magari yalikuwa ya kuhesabika. Ndipo Corolla nyeupe ya Conrad ikaja ikipanda mlima kwa kutweta, ikafika mbele yetu, ikazima.

— Imezeeka, akasema Kampala. Hata mimi huu mlima sasa naupanda kwa vituo.

— Haijazeeka, akasema Aimable. Haipumui.

Akainuka na kikombe chake mkononi, akazunguka nyuma ya gari, akamwambia Conrad aiwashe tena. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi, akakiacha pale kama anayesikiliza mtoto mwenye kifua.

— Moshi hautoki. Muzehe, ile sailensa uliyochomeka humu ndani imejaa masizi. Iko kama kizibo. Lazima itoke.

Conrad akazima gari. Hakushuka mara moja.

— Hakuna njia nyingine?

— Iko moja. Uiegeshe hapa, tufugie kuku.

Tulicheka. Conrad hakucheka, na mimi nikadhani ni uchovu wa jembe.

Lazima niseme jina la Radi lilitoka wapi. Gari ile, enzi zake, ilikuwa na sauti ambayo huwezi kuisikia tena Kigali ya leo. Ilikuwa ikishuka kutoka juu, Conrad anaondoa mguu kwenye mafuta, na bomba linapiga mshindo mmoja, kisha mwingine, kisha linanguruma mpaka huku chini. Wakati huo bonde lilikuwa bado na karakana na maghala, watu wanachomelea vyuma hadi giza linaingia, na pamoja na makelele yote hayo gari ya Conrad ulikuwa unaijua. Mimi nilikuwa nikiisikia jioni nafunika cherehani. Mke wangu alikuwa akiisikia anaweka chungu mezani. Siku za Jumapili ilitubeba wote mpaka Gisimenti kula mishikaki, na wale wachoma nyama walikuwa wanaanza kupepea moto kabla hatujatokea, maana walishasikia tunakuja.

Halafu siku moja ikanyamaza. Conrad alikuwa amenunua kale kasailensa kadogo, bomba fupi lenye matundu, akakachomeka ndani ya mdomo wa bomba la moshi na kukabana kwa bolti. Tulimuuliza sababu, akasema kelele zimemchosha. Miaka ikapita. Bonde likasafishwa, karakana zikahamishwa, waliokuwa wakikaa kule chini wakapelekwa Busanza, na mahali walipokuwa pakawa majani na maji na ndege. Sisi tukabaki na kiti chetu na jina la Radi, ambalo wageni hawakuelewa linatokana na nini.

Aimable alileta vifaa vyake kutoka gereji ya pili kutoka kwangu. Akalala chini juu ya gunia. Kichwa cha bolti kilikuwa kimeliwa na kutu, spana ikawa inazunguka bure.

— Hii mtu aliibana kwa hasira, akasema kutoka chini.

— Si hasira, akasema Kampala. Ni mambo ya polisi. Nyinyi hamjui. Huyu alisimamishwa na polisi pale chini akaambiwa, mzee, unaamsha watu.

— Polisi hawakuwa wanamsimamisha, nikasema. Walikuwa wanampungia mkono.

— Basi ni kanisani. Alikuwa akifika misa imeanza, padri anakatishwa maneno. Mimi nilisikia padri mmoja kule Masaka alikataa kumpa mtu komunyo kwa sababu ya pikipiki.

— Kampala, hiyo umeitunga sasa hivi.

— Sindano, wewe ni Mwislamu, mambo ya padri utayajulia wapi?

Mukeshimana alikuwa akiosha vikombe. Hakusema kitu, na Mukeshimana si mtu wa kukaa bila kusema kitu.

Aimable akaitoboa ile bolti kwa mashine mpaka ikakatika. Akapulizia mafuta ya kulainisha kutu pande zote, akatuambia tusubiri yapenye. Tukanywa kahawa. Akarudi, akaingiza koleo, akaishika sailensa mdomoni na kuizungusha. Haikusogea hata unywele.

— Imeota mizizi, akasema Kampala. Iko hivi: chuma na chuma vikikaa pamoja miaka mingi vinakuwa kitu kimoja. Kule kwetu iko mtu alishindwa kutoa bomba kwenye trekta, akalipeleka chuo kikuu, wakamwambia chuma kimeungana mpaka ndani ya damu yake.

— Damu ya chuma, nikasema.

— Ndivyo walivyosema.

— Ni masizi tu, akasema Aimable. Yameganda katikati ya bomba mbili kama gundi.

— Basi tufunge mnyororo, akasema Kampala, mwisho mmoja kwenye sailensa, mwisho mmoja kwenye ule mti, halafu Radi akanyage mafuta.

— Tutabaki na mti na bampa, akasema Aimable, gari itakuwa imefika Rwandex bila makalio.

Hapo hata Conrad alitabasamu kidogo. Lakini niliona anageuza shingo kila mara kutazama ng'ambo ya barabara, kwenye lango moja la bluu lililofifia.

Aimable akawasha gesi. Alitueleza anachofanya, maana anapenda kueleza: moto auweke kwenye bomba la nje tu, lile la nje litanuke, la ndani libaki dogo. Akalipasha polepole akizunguka, mpaka harufu ya masizi yanayoungua ikatufika kwenye kiti. Halafu akapitisha chuma kirefu chenye ndoano ndani ya sailensa, akainasa kwa nyuma, akawa anagonga kile chuma kwa nyundo kuja upande wake. Mara ya kwanza, hakuna. Akapasha tena. Kampala akapiga magoti na kushika koleo, shati lake la umuganda likichafuka zaidi, naye akiizungusha kushoto na kulia bila maneno kwa mara ya kwanza siku ile. Ikatoa mlio mwembamba, kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu. Ikasogea. Aimable akagonga tena, na sailensa ikatoka nzima, nyeusi tii, ikaanguka kwenye gunia ikimwaga masizi.

— Washa, akasema Aimable.

— Tuache ipoe kwanza, akasema Conrad.

— Radi, washa. Miaka yote hii, ndugu yangu.

Ni mimi niliyesema hivyo. Nilitaka kuisikia. Conrad akanitazama, akaingia, akawasha.

Wallahi nilisimama. Sauti ilikuwa ile ile. Ilitupita kwenye kifua kabla ya masikio, na nikamwona mke wangu na chungu chake, nikawaona wachomeleaji wa bondeni, nikaona meza ya Gisimenti na watu ambao hawapo tena kuitwa. Kampala alikuwa anafuta macho na kusema ni moshi. Conrad akaipandisha gari hadi juu pale pa kugeuzia, kama Aimable alivyomwomba, ili aone nguvu zimerudi. Zilikuwa zimerudi. Kisha akaanza kushuka, mguu ukatoka kwenye mafuta, na bomba likapiga. Mshindo mmoja. Mwingine.

Alizima hapo hapo kwenye mteremko, akaiacha gari ijiteremkie yenyewe hadi kwetu, kimya. Aliposhuka, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

— Irudishe, akamwambia Aimable.

— Nirudishe nini?

— Sailensa. Isafishe, uirudishe.

— Muzehe, tumeteseka muda wote huu.

Hapo ndipo Mukeshimana alipoweka kikombe chini.

— Waambie, Conrad. Au mimi nitawaambia.

Conrad akakaa kwenye ukingo wa kiti. Basi Mukeshimana akasema, kwa sauti ya chini, huku akitazama lile lango la bluu.

— Mnamjua mukecuru Nahimana, yule bibi wa pale ndani? Mmemsahau, hatoki siku hizi, macho yamemwisha. Wakati ule alikuwa bado anatoka. Jioni moja nilikuwa natoka sokoni, yeye yuko mbele yangu pembeni ya barabara. Gari ya huyu ikashuka, ikalipuka karibu yake kabisa. Yule mama akajitupa chini. Akafunika kichwa kwa mikono, akaanza kutaja majina ya watoto wake, mmoja mmoja. Watoto ambao hana tangu tisini na nne.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

— Conrad alisimama, tukamwinua pamoja. Kesho yake hii gari ikawa imenyamaza. Huyu aliniomba nisimwambie mtu.

— Kwa nini hukutuambia? Kampala akamuuliza Conrad.

— Ningesema nini? Ningeisema hapa kijiweni, watu wacheke?

— Tusingecheka.

— Sasa najua, akasema Conrad, akisugua magoti yake. Mimi kila jioni nikipita pale mlangoni nilikuwa naondoa mguu mapema, juu kabisa, na nazima redio. Hata na sailensa. Nilikuwa nikipita kama mwizi. Sikuwahi kuingia kumsalimu. Nilikuwa nafikiri, nikiingia, ataniuliza mimi ni nani.

Nilijisikia vibaya kwa lile neno langu la washa. Aimable alikuwa tayari ameiokota sailensa na anaikung'uta masizi kwenye ukuta, taratibu, akisema inaweza kusafishwa, ikitobolewa matundu upya gari itapumua, mchana huu huu itakuwa imerudi. Kampala akasema yeye atashika koleo tena.

Ndipo lango la bluu likafunguliwa.

Alitoka msichana mkubwa aliyevaa kitenge kiunoni, akavuka barabara moja kwa moja kuja kwetu. Ni Uwase, mjukuu wa ndugu yake yule mama, anayekaa naye. Conrad alisimama kabla hajafika.

— Mwiriwe, akatusalimu. Hiyo gari ni ya nani?

— Ni yangu, binti yangu, akasema Conrad. Nisamehe. Tulikuwa tunaitengeneza, haitarudia. Mukecuru yuko vipi? Ameanguka?

— Oya, hajaanguka. Amekaa kitandani, amenituma mbio.

— Ameogopa.

— Alishtuka kidogo tu, halafu akaanza kucheka. Akaniambia, ni yule mwenye kelele, amerudi.

Conrad hakuelewa. Hakuna aliyeelewa. Uwase akatutazama mmoja mmoja, akaona lazima aeleze.

— Zamani alikuwa akiisikia hii gari kila jioni akiwa ndani. Ndiyo ilikuwa saa yake. Ikipita anasema, haya, yule mwenye kelele amefika nyumbani kwake salama, na sisi tufunge mlango. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka. Kuna siku ilimshtua barabarani kwa sababu ilimjia ghafula, lakini akiwa ndani alikuwa anaipenda. Halafu haikusikika tena. Alisubiri sana. Tukifunga mlango ananiambia, bado, hajapita. Baadaye watu wa bondeni walipohamishwa akasema labda na yeye wamempeleka Busanza. Na siku nyingine alikuwa anasema pengine amekufa, na kwamba hakumjua hata jina la kumwombea.

Aimable aliacha kugonga sailensa ukutani.

— Sasa amenituma nikuulize, Uwase akamwambia Conrad. Miaka yote hii ulikuwa wapi?

Lilikuwa swali dogo. Nilitazama upande wa Kampala, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, naye akatazama vidole vyake vyenye masizi. Mukeshimana akageukia birika akalikuta tupu. Conrad alikuwa amepita mbele ya lango lile kila jioni ya Mungu.

Uwase akangoja kwa heshima, kisha akaona hapati kitu.

— Basi njoo umwambie mwenyewe, baba. Yuko macho.

Conrad akatazama mikono yake. Mukeshimana alimmiminia maji ya kuoshea vikombe, akanawa, akajifuta kwenye kitambaa nilichomletea kutoka dukani. Halafu akavuka barabara nyuma ya yule binti. Kwenye lango alisimama, akavua kofia, na kabla hajaingia tulimsikia akilitaja jina lake kwa sauti, jina kamili na la ubini, kama mtu anayejitambulisha ugenini.