Chuma Kilichokatika Penye Tundu la Tano

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mnanijua: mimi kila kitu nahesabu mara mbili.

Ndimi Baba Neema, muuza spea za pikipiki jirani na stendi hapa Newala. Wengi wenu mmenunua kwangu, na wengi mliondoka mkinung'unika. Mnisamehe, leo sikuja kuuza. Nimekuja kushuhudia, na kabla sijaenda mbali niungame: huu ni ushuhuda wangu wa pili. Wa kwanza niliutoa hapa hapa. Nilitupa magongo mbele ya madhabahu, kina mama wakapiga vigelegele, hata mzee wa kanisa akafuta machozi. Ndugu zangu, vigelegele vile niliviwahi kabla ya wakati wake. Siku tisa baadaye nilikuwa nimelala sakafuni kwangu nikilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Nianze mwanzo. Siku ile nilikuwa najaribu breki kwenye mteremko wa kuelekea bonde la Ruvuma. Breki hizo nilizipata kwa bei ya kutupa, nikajisifu njia nzima. Kwenye kona ya pili nikaelewa kwa nini zilitupwa. Pikipiki ikaenda huku, mimi kule, na paja langu la kulia likabaki katikati halijui limfuate nani.

Nikapelekwa hospitali ya misheni, upande wa Masasi. Daktari wa mifupa alikuwa binti wa kutoka bara, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akanikatalia kila kitu. Akanionyesha bamba la chuma kama nitakalowekewa, lina matundu tisa. Mimi nina sumaku mfukoni, ndiyo kazi yangu, spea feki huzitambua hivyo. Nikaibandika kwenye bamba. Ikaanguka.

"Daktari, hiki si chuma. Mmeuziwa."

Akacheka mpaka akashika meza. "Baba Neema, mwilini mna maji ya chumvi. Chuma chako cha dukani kingeota kutu humo. Hiki kimechanganywa kisishike kutu, ndiyo maana hakishikwi na sumaku. Kingenasa hapo, ningekuwa wa kwanza kukitupa."

Wakanipasua, wakaniweka bamba. Nilipoletewa picha ya eksirei nikahesabu: matundu tisa, skrubu nane. Nikahesabu tena. Nane! Nikamwita nesi, nikamwambia wamenipunja skrubu moja. Daktari akaja akaeleza kwa upole kwamba tundu la tano liko mkabala na pale mfupa ulipovunjika, limeachwa wazi makusudi. Halafu akasema neno ambalo laiti ningelisikia: "Chuma hiki hakikuwekwa kukubeba. Kimewekwa kushikilia tu, mfupa uunge. Usikanyage chini kwa miezi mitatu."

"Tufanye mwezi mmoja."

"Baba, hapa si sokoni."

"Mmoja na nusu, na nakuongezea nyanya za mke wangu, Mama Neema."

Akaandika miezi mitatu, akapigia mstari. Mara mbili, ili nielewe.

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani nikaendelea kupatana bei na asiyekuwepo. Msimu wa korosho ulikuwa umefika, watu wana pesa, kila pikipiki inataka tairi jipya, nami nimekaa kitandani kama picha ukutani. Wiki ya nne nikaanza kukanyaga kwa siri. Hapaumi! Nikasema, Mungu amenipunguzia. Wiki ya nane nikaja hapa, nikatupa magongo, nikawaambia nimepona kabla ya muda. Mkanishangilia.

Siku ya tisa baada ya hapo nilikuwa nainua katoni ya minyororo. Nikasikia *ka!* Si sauti kubwa, kama mtu amevunja kijiti cha muhogo. Nikadhani ni katoni. Nikaitazama katoni. Haikuwa katoni. Nikarudishwa hospitali ile ile.

Aliyekuja kwanza kunitazama si mchungaji, ni mtani wangu Bakari. Mmemwona mlangoni, ni Myao, fundi wa kuchomelea vyuma, nami Mmakonde, tumetaniana tangu ujana. Aliingia wodini na futi yake ya kupimia, akanipima kuanzia kisogoni hadi kisiginoni mbele ya wagonjwa wote.

"Mama Neema, mbao za jeneza zitatosha. Mguu mmoja tutaukunja, huo hauna mwenyewe."

Wodi nzima ikacheka, hata mimi. Kisha akatoa kipande cha waya mfukoni, akanipa. Akasema, kunja, kunjua, hesabu. Nikakunja. Mara ya kwanza haukuwa na kitu. Ya kumi haukuwa na kitu. Mara ya kumi na tisa ukakatika mikononi mwangu.

"Ulipokunja mara ya tano ulihisi lolote?"

"Sikuhisi."

"Basi ndivyo ulivyokuwa unatembea. Kila hatua ni kunja, kunjua. Chuma hakipigi kelele kikichoka, bwana. Wewe mjanja wa spea hukujua hilo?"

Nilijua! Nimeuza maekseli yaliyokatika hivyo hivyo. Nilidhani tu kwamba mguu wangu una bei maalumu.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigomba. Aliniambia: "Baba Neema, ni mbio kati ya mfupa na chuma. Mfupa ukiunga kwanza, umeshinda. Chuma kikichoka kwanza, umeshindwa. Mfupa uko hai, ukichoka unajijenga. Chuma kikichoka hakijijengi. Nitakuwekea kingine, lakini nafasi nzuri ni hii moja. Ukiuharibu tena, siahidi kwamba utautembelea mguu huu."

Usiku ule sikupatana bei na Mungu. Kwa mara ya kwanza tangu nibatizwe sikusema "nikifanya hivi, nawe ufanye vile." Nilisema, Bwana, taja wewe, nitakubali.

Safari hii hawakuweka bamba ubavuni. Waliingiza fimbo ya chuma ndani kabisa ya mfupa, kwenye uboho, ikakaa katikati kama ekseli, ikafungwa kwa skrubu juu na chini. Wakachota na vipande vya mfupa nyongani kwangu wakavipanda penye ufa, kama mtu anayepanda mbegu. Nikajiandaa kulala miezi sita bila kugusa ardhi. Nimejifunza!

Siku ya tatu daktari akaja. "Baba Neema, inuka ukanyage."

Nikamwambia, "Daktari, tuanze mwezi ujao."

"Leo."

"Wiki ijayo basi, Jumatatu."

Akamwangalia Mama Neema, wakacheka wote wawili, mimi jasho linanitoka. Akaleta mizani ya kupimia watu, akaiweka sakafuni. Akaeleza kwamba fimbo hii iko katikati, inagawana mzigo na mfupa, na mfupa unataka kazi kidogo ndipo ujue unahitajika. Nikanyage kilo ishirini tu, zisizidi. Ndugu zangu, mimi ninayegombana na mizani ya kila mtu, nilisimama pale nashikilia magongo nikitazama mshale unapanda: kumi, kumi na tano, ishirini. Nikatoa mguu. Nikaweka tena kuhakikisha. Ishirini!

Wiki baada ya wiki daktari aliongeza kilo, mimi sikuongeza hata moja. Bakari alihamishia benchi lake la kazi kwenye kibaraza changu, ananilinda. Nikichungulia tu mlango anauliza, "Mtani, nilete futi?"

Kisha ikaja picha. Daktari aliiweka kwenye mwanga, akanionyesha kwa kidole: pale palipokuwa na ufa palikuwa na kitu cheupe, kimevimba, kama wingu limeuzunguka mfupa. Akasema, "Huu ni mfupa mpya. Hakuna fundi aliyeutengeneza. Mimi nilishikilia tu."

Mama Neema akapiga kigelegele hospitalini, manesi wakamnyamazisha, akapiga cha pili. Haleluya! Mnaona anavyoambukizwa kuhesabu.

Hiki mkononi mwangu ndicho chuma cha kwanza. Nilikiomba. Kipitisheni, mkishike. Kimekatika penye tundu la tano, lile nililodhani nimepunjwa. Hakikuwa feki. Feki nilikuwa mimi, niliyekitwika mzigo ambao Mungu aliuandalia mfupa.

Wewe unayepitia jambo na umechoka kungoja, usipunguze wiki zako. Hujui ndani kunaota nini. Mtumaini Bwana, na daktari aliyekupa umsikilize.

Magongo sikuja nayo, na leo sitatupa kitu. Nimesimama hapa tangu nianze kusema, na hamkuona nikiegemea. Bakari, kunja futi yako. Kutoka hapa hadi kitini kwangu ni hatua kumi na saba, nimezipima asubuhi. Hesabuni pamoja nami. Moja!