Kaseti Iliyomnyima Bibi Joha Chakula

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mbunge, Mganga Mkuu, waheshimiwa madaktari, wauguzi, na wagonjwa wote mlioweza kufika hapa kwa miguu yenu:

Umoja wa Wachapaji wa Maelezo ya Wagonjwa, chombo cha kitaalamu kisicho na mfano wake kutoka Kilosa mpaka Mikumi, unayo heshima kubwa kukukaribisha kwenye makao yake makuu. Chombo hiki kina wanachama watano. Makao makuu yalikuwa stoo ya vitanda vibovu, na kiti ulichokalia tumekiazima wodi ya wazazi. Tunaomba usiegemee sana.

HISTORIA YETU

Mheshimiwa, wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliokuja huku kukata mkonge na kutandika reli. Mashamba yalipofungwa, tuliojua kupiga taipureta tulikimbilia hospitali. Kazi yetu haina siri. Daktari akishamwona mgonjwa huzungumza kwenye kaseti: anaumwa nini, apewe nini, azuiwe nini. Sisi husikiliza na kuchapa, karatasi ikaingia kwenye faili, na nesi akaifuata. Sheria yetu ni moja: alichosema daktari hakiongezwi wala hakipunguzwi. Na kwa kuwa kaseti ni chache, ikishachapwa hurudi kwa daktari arekodi juu ya yale ya zamani.

MAFANIKIO

Rasimu ya kwanza ya risala hii ilijaa sifa katika sehemu hii. Iliandikwa na Ditram, mtoto wa kaka yake mwenzetu Costancia, mwanafunzi wa bweni aliye likizo. Tulimpa kazi hiyo kwa sababu Kiswahili chake kimevaa tai. Alituita nguzo za uhai wa taifa, watu ambao kosa halijapata kupita mikononi mwao. Tumeyafuta yote. Sababu utaisikia.

MATATIZO

Hospitali inatarajia kupata kompyuta kutoka kwa wafadhili. Daktari atakuwa akibonyeza majibu yaliyokwisha kuandikwa na wengine, kaseti zitakwisha, na sisi tutakwisha nazo. Zama hizi za soko huria tumeona wengi wakiagwa kazini kwa soda na biskuti, kwa hiyo hatushangai. Lakini tumesikia Bunge litajadili muswada wa kumbukumbu za wagonjwa, ndipo tukakualika, ili sheria imtambue mtu anayesikiliza. Tulikuwa na hoja nzuri. Kisha likatokea la Bibi Joha.

Bibi Joha ni mkulima wa miwa wa Kidodi. Alilazwa kitanda cha dirishani akitibiwa kisukari. Ditram alikuwa akimletea shangazi yake chakula cha mchana, na kila akikatiza wodini yule bibi humtania.

"We mtoto, huko bweni wanawalisha upepo? Naona shati ndilo limekuvaa."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea ule, usije ukapeperuka ukaangukia wagonjwa."

Wodi nzima ikacheka, na Ditram, ambaye shuleni ndiye huwachekesha wenzake, hakupenda kuchekwa.

Siku chache baadaye karatasi ya Bibi Joha ikasema hivi: "Asile kitu mpaka nitakapomwona mwenyewe." Costancia ndiye aliyeichapa. Aliona ajabu, akatamani kuuliza, lakini Daktari Lupakisyo alikuwa amekwenda kliniki ya Mikumi, na mchapaji hamwulizi daktari, ndivyo tulivyofundishana. Nesi akafuata karatasi. Mvua ikakata barabara, daktari akakwama huko. Bibi Joha akaendelea kuchomwa sindano ya kisukari bila kula, akimwuliza kila aliyepita, "Wanangu, nimewakosea nini?" Mpaka akazimia.

Mungu alimnusuru. Daktari aliporudi akasema hakutamka maneno yale, na kaseti ilikuwa imekwisha kurekodiwa juu na daktari mwingine. Uongozi ukaamua kwamba Costancia kayatunga. Amesimamishwa kazi, na kila kompyuta zinapozungumzwa jina lake ndilo hutolewa mfano. Sisi wenzake tulinyamaza. Kila mmoja alikuwa akiulinda mshahara wake. Hiyo ni aibu yetu, hatumsingizii mtu.

Rasimu ya Ditram ilimlaumu daktari. Jana jioni tulikutana uani kwa Costancia kumsikiliza huyo kijana, tuliyempa pia kazi ya kuisoma risala, akijizoeza. Alipofika kwenye yale maneno akataka kutufurahisha. Akakohoa kidogo, akavuta pumzi puani, akatoa sauti nzito: "Asile kitu mpaka nitakapomwona mwenyewe." Mwenyekiti wetu, Beda, alicheka mpaka akashika ukuta. Costancia hakucheka. Aliweka chini mchicha aliokuwa akichambua.

"Ditram. Rudia."

"Naigiza tu, shangazi."

"Najua unaigiza. Rudia, na kile kikohozi cha kwenye kaseti."

Ditram hakuweza kurudia. Beda naye akaacha kucheka.

"Kumbe ni wewe," Costancia akasema.

"Nilipokuletea chakula niliikuta kaseti yenye maelezo ya bibi mezani kwako, nikarekodi mwishoni. Nilidhani utaijua sauti yangu. Nilidhani utacheka, halafu utafuta."

"Betri zilikuwa zimechoka, kila sauti ikivutika, na mimi nilikuwa nimechoka. Haya. Na uliposikia bibi wa watu kazimia?"

"Niliogopa."

"Na mimi niliposimamishwa, uliniletea chai. Ukaniambia, pole shangazi."

"Ndiyo, shangazi."

Costancia akaokota mchicha wake akaendelea kuchambua.

MAOMBI

Mheshimiwa, hatuombi tena kama watu wasafi. Kompyuta zije. Tunachoomba ni kwamba sheria iache nafasi ya mtu anayesikiliza, na impe haki ambayo sisi hatukuwa nayo: kusimama na kumwuliza daktari kabla karatasi haijafika kitandani. Costancia aliona ajabu akakosa ruhusa ya kuuliza. Mashine haitaona hata hiyo ajabu.

Daktari Lupakisyo, tunakuomba radhi. Tulikuwa tayari kukubebesha mzigo usio wako.

La mwisho ni kwa uongozi, mbele ya mgeni wetu: Costancia arudishwe kazini. Ombi hili lina shahidi mmoja, naye ndiye anayelisoma.

Asubuhi hii Ditram aliomba Beda asome badala yake. Alisema ana mafua. Costancia akamjibu, "Utasoma wewe. Na utasoma kwa sauti yako."

Basi sauti yenyewe ndiyo hii, Mheshimiwa. Ni mimi niliyerekodi. Bibi Joha, ulinikaribisha chakula, nami nikakunyima chako. Nisamehe. Shangazi yangu hakutunga neno hata moja.

Mungu akufikishe salama Dodoma, Mheshimiwa, akujalie wa kukusikiliza huko, na awape wagonjwa wetu afya na riziki yao.

Ni sisi,
Umoja wa Wachapaji wa Maelezo ya Wagonjwa, na Costancia akiwamo.