Majirani Wasiotaka Kupatana

Mbele yangu katika basi la kwenda mtaa wa Kigobe walikaa Zénon, mwandishi wa mchezo wa redio wa kuhimiza amani, na Fadhila, mwigizaji wake. Walikuwa wanakwenda kurekodi, na sehemu ya mwisho ilikuwa bado haijaandikwa.

"Leo mi namusamehe yule jirani wa kwenye mchezo, ao apana?" Fadhila aliuliza.

"Bado. Wahusika wangu wanakataa kupatana. Mi ni artiste, mutu wa sanaa, siwezi kuwalazimisha."

Nilifikiri jinsi wakubwa wetu waliokuwa Arusha kwenye mazungumzo ya amani wangeipenda sababu hiyo.

"Wanakataa namna gani, na ni we unaandika?" Fadhila alisema. "Kule Bwiza, Mama Mwanne tuliyekuwa tunachota naye maji haniamkii tena tangu asikie mchezo wako. Anasema mutu asiyejua kusamehe hafai kuwa jirani."

Zénon alitabasamu. "Basi tumefanya kazi nzuri."

"Kazi ilikuwa kupatanisha watu."

"Sanaa haina saa."

"Studio iko na saa. Leo nitamusamehe, hata kama haujaandika."

"Utaniharibia mchezo."

Basi likasimama. Walishuka wakigombana, wakavuka barabara kwenda kuhimiza amani.