Mama Hajapatikana Anastaafu

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wakuu wa vitivo, walimu wenzangu, wanafunzi wetu wa afya ya jamii, ndugu wageni waalikwa, na wewe shemeji uliyetuazima mkeo kwa miaka ishirini na sita: hamjambo?

Tunamuaga karani wetu wa takwimu, huyu mama anayenitazama kama anayehakiki fomu. Tunamwita Mama Hajapatikana. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia wahitimu wetu: nani ameajiriwa, nani bado anahangaika. Asiyepokea simu aliandikiwa "hajapatikana", kisha akapigiwa tena kila Alhamisi mpaka apokee.

Miaka minane iliyopita wakaguzi wa ithibati, kile kibali cha kuendelea kufundisha, walikuwa njiani. Tungeikosa, programu ingefungwa, na vijana mia mbili wangebaki na nusu ya shahada. Mimi, mkuu wa idara, nilikuwa na hesabu yangu: asiyepokea simu ameajiriwa. Si yuko kazini, ndiyo maana hapokei? Mnacheka, lakini ripoti ilisomeka walioajiriwa tisini na nne kwa mia, nami nikampelekea aigongee muhuri.

Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Mkuu, huyu namba saba nimempata jana. Anauza viatu. Namba kumi na mbili kapokea mama yake, binti anaumwa. Wewe umewaajiri wapi?"

"Mama, utatufungia programu!"

"Tunawafundisha wanafunzi wamhesabu hata mgonjwa asiyefika zahanati. Wetu wenyewe tunawaficha?"

Niliona haya, na kwa kuwa niliona haya, nikakasirika. Siku tatu sikumsalimia. Siku ya nne nikaichana ripoti yangu, nikapeleka yake: sitini na moja kwa mia, na majina ya wasiopatikana yote.

Mkaguzi mkuu, bwana asiyejua kutabasamu, aliiweka simu ya ofisi kwenye sauti kubwa, akachagua namba ovyo kwenye orodha, akapiga. Ikaangukia namba saba. Nilitamani ardhi ipasuke. Kijana akapokea: "Mama, ni wewe tena? Viatu bado nauza, ila ile nafasi ya kujitolea hospitali uliyoniambia, naanza Jumatatu!"

Mkaguzi akasema vyuo vingi vimemwonyesha tisini, ila hiki ndicho cha kwanza ambacho mhitimu anaijua simu ya karani. Ithibati tukapata. Namba saba yuko safu ya tatu pale, leo ni mratibu wa chanjo. Simama, mwanangu, mama akuone.

Njia ya mwongo ni fupi, jamani, na mimi nilikuwa nimeshaishika. Mama, uliniokoa, nami sikuwahi kukwambia. Leo nasema mbele ya watu: ahsante, na unisamehe zile siku tatu.

Basi, nawe sasa umehitimu. Nimekufungulia fomu, hii hapa. Baada ya miezi sita nitakupigia mwenyewe, siku ya Alhamisi. Usipopokea, sitaandika kwamba hujambo. Nitaandika "hajapatikana", na nitapiga tena.

Ahsanteni nyote kwa kunitegea sikio.