Alama Nyekundu ya Delko

Musikilize, batoto yangu, weye Camille, mukubwa, na weye Fulgence, musogee karibu ya kitanda, juu sauti yangu iko nakwisha. Hii nyumba ya hapa mutaa ya Rwambuzi iko yenu bote mbili, mama yenu Adèle alisema ivyo mbele ya kufariki, na mutu asimufukuze mwenzake. Inabakia ile Peugeot iko mbele ya mulango, ile Fulgence anataka kuuzisha kama vyuma.

Fulgence, ile gari haikufa. Siku benye bunduki balianza kukamata magari ya mutaa, nililegeza delko, ile kitu inagawa moto kwa mabuji ya kuwasha petroli mu motere, nikaigeuza kidogo tu, moto ukaanza kuchelewa kufika. Ikawa kukohoa, ikawa moshi, ikawa kupasuka pa! mpaka kwa bariyeri, pale banasimamisha magari, basoda balizania ni masasi, balilala chini bote, balafu bakaamuka na matusi: muzee, ondosha takataka yako! Magari ya bengine bakabeba, yetu bakaiacha, na ndani yake njo tulikimbilia Komanda, siye na majirani, polepole na kikohozi yake.

Baba yenu mudogo Xavier alisema nimeharibu gari ya baba yetu, mpaka leo hanisalimie. Sikumuambia kweli, juu Xavier na siri habakai nyumba moja, angeisema kwa pombe. Iliniuma sana. Lakini sasa benye bunduki bametoka mu muji, na miye niko napumua kidogo bado, basi turudishe delko pahali yake.

Camille, acha mulango wazi nibaongoze toka kitanda, kamata kitambaa na petroli, pangusa ile mafuta nyeusi chini ya delko. Unaona nyekundu? Ni rangi ya kucha ya mama yenu. Mbele ya kugeuza, nilipiga musitari moja kwa delko na ingine kwa motere, ikiwa sawasawa, na Adèle akacheka, akasema hata motere inaenda harusi. Legeza bulon ya kukaza delko, usiitoe. Geuza polepole, misitari ikutane. Kaza. Fulgence, washa.

Ah! Musikie! Haikohoe. Aksanti, Mungu wangu, aksanti sana. Niliogopa kufa mbele ya hii siku, na mungeiuzisha kumbe iko nzima.

Basi musiiuzishe. Camille ataiendesha, juu mukono yake haina haraka, Fulgence atatafuta mizigo ya kupeleka Nia-Nia, na chakula ya ile kazi mutakula kwa sahani moja. Lakini leo muende kwanza kwa Xavier. Musimuelezee kitu. Musimamishe gari mbele ya mulango yake, aisikie mwenyewe, juu siye mbili tulikomea na ile sauti tangu butoto.

Mikono yangu iko juu ya vichwa yenu, hata kama siwezi tena kuinyanyua. Mungu abachunge njiani, abarudishe kila mara nyumbani... Xavier akitoka, mumulete kwangu. Akilia, mumulete tu ivyo ivyo... Hapana, Fulgence, usizime. Acha kwanza... acha nisikie.