Hakuna Mtoto Atakayeingia Peke Yake

Tarehe 2 Desemba 1977, Mwalimu Anastasie Mbambu atafunga mlango wa chumba cha muziki cha shule yetu hapa Bwera, baada ya miaka kumi na sita ya utumishi. Anastaafu akiwa na afya njema, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na ubishi uleule aliokuja nao. Sisi wa hesabu, ambao darasa letu limetenganishwa na lake kwa ukuta mwembamba tu, itabidi tuzoee upya kufundisha bila kupiga kelele.

Alitufikia mwaka 1961 akitokea upande wa Butembo, mkimbizi, na mali yake ilikuwa rozari, cheti cha ualimu na gunia la mbao. Mlinzi alidhani ni kuni akalipeleka jikoni. Inasemekana hapo ndipo wapishi wetu walipoisikia sauti ya Mwalimu kwa mara ya kwanza, na hawajaisahau. Mbao zile zilikuwa endara, ile marimba kubwa ya milimani kwetu. Hulazwa juu ya vigogo vibichi vya mgomba, na watu kadhaa hukaa pamoja kuipiga. Kila mmoja ana zamu yake: hupiga, hunyamaza, na mwenzake humjibu. Mtu mmoja haumalizi wimbo wa endara.

Jambo hilo kila mtoto wa Bwera analijua, na ndiyo sababu lilituponza. Mwaka 1966 Mwalimu alimpeleka Thembo, kijana wa Nyakiyumbu, kwenye usaili wa chuo cha muziki na maigizo huko Kampala. Wasaili walitaka wimbo, igizo fupi na ala. Thembo aliimba vizuri, akaigiza wakacheka. Ilipofika zamu ya ala, akapiga sehemu yake kama alivyozoea nyumbani, akanyamaza, akasubiri kujibiwa. Wasaili nao wakasubiri. Mwishowe wakadhani amesahau, wakamshukuru, wakamwita mwingine. Thembo alirudi nyumbani kulima kahawa.

Mwalimu alikuwa mlangoni na aliona yote. Hakulaumu mtu, lakini ukimya ule ulimuuma, na hadi leo ukimtajia anakunja uso. Aliporudi alitangaza sheria moja: hakuna mtoto wake atakayeingia tena usailini peke yake. Mzazi atajifunza zamu, na mzazi atasafiri.

Basi Jumamosi zetu zikaharibika. Akina mama walitoka sokoni Mpondwe na vikapu vyao wakazishika zamu mara moja. Akina baba walikuja kukagua tu, kwa maneno yao wenyewe, na giza likawakuta bado wameshika vijiti. Mwalimu hakubembeleza mtu. Mzazi aliyekosa kuja alifuatwa shambani, dukani, hata msibani mara moja, jambo ambalo Padri alilisemea.

Aliyemtoa jasho zaidi ni Mzee Musitafa, mwenye lori pale Kinyamaseke. Binti yake Habibah alikuwa na kipaji ambacho hata sisi wa hesabu tulikiona, lakini baba hakutaka asimame kuimba mbele ya wanaume asiowajua. Kila Ijumaa baada ya swala alimkuta Mwalimu ameegemea lori lake. "Mwalimu, hii mutoto yangu iko na akili ya daktari," alimwambia. "Ngoma itamupeleka wapi?" Mwalimu alimjibu kwamba ikiwa anaogopa kumwacha, basi asimwache, aje akae karibu naye apige. Musitafa akakubali kwa sharti moja: asipopendezwa na atakachokiona Kampala, wanarudi na habari imekwisha. Alijifunza kwa taabu. Mkewe Jalia alisema anapiga endara kama anayepigia honi mbuzi barabarani.

Mwaka 1972 Mwalimu, Habibah na wazazi wake wote wawili wakaondoka na lori kwenda Kasese kupanda treni. Njiani askari wakawasimamisha. "Wewe! Fungua gunia! Ndani iko nini?" Mwalimu akasema ni muziki, afande. Afande hakuamini, akaamuru wapige palepale. Mgomba haukuwepo karibu, na mbao zikilazwa chini hazilii. Mwalimu akawaambia Musitafa na Jalia wakae vumbini wakitazamana, wanyooshe miguu, akazipanga mbao juu ya miguu yao. Habibah akapiga, wazazi wakajibu, na askari wakasahau magari mengine yaliyongoja.

Kampala kukawa na ukuta mwingine. Msimamizi alikataa vigogo vya mgomba visichafue sakafu kwa utomvu, kisha akakataa na wazazi: mtahiniwa aingie mwenyewe na ala yake tu. Mwalimu akaziba mlango kwa mwili wake. "Mutoto anaingia yeye mwenyewe na chombo yake," alisema. "Sasa hii chombo iko na miguu, mimi nifanye nini?" Walibishana hadi wasaili wenyewe wakaita wote waingie.

Mzee Musitafa alikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Angeweza kugeuka, sharti lilikuwa lake. Aliitazama sakafu, akamtazama binti yake, akakaa chini mbele ya wageni wale akanyoosha miguu. Habibah akapiga sehemu yake, akanyamaza. Baba akamjibu. Alichelewa kidogo, kama kawaida yake, lakini alimjibu.

Habibah alipata nafasi. Pale Kinyamaseke mzee hadi leo anawaambia abiria, "Si Habibah peke yake alipita. Na mimi nilipita." Wengine waliomfuata walipata, wengine walikosa, lakini hakuna aliyekosa akiwa peke yake. Habibah alihitimu mwaka 1975, na Januari ndiye atakayekifungua chumba cha muziki. Ameshatangaza kuwa Jumamosi zitaendelea kuharibika.

Leo kwenye sherehe vigogo vya mgomba vimekatwa asubuhi, na Mzee Musitafa amenuna kwa sababu miguu yake haikuhitajika. Thembo amekuja kutoka Nyakiyumbu. Ameomba jambo moja tu, apige sehemu ileile ya mwaka 1966, na Mwalimu, Habibah na wazazi wa miaka yote watakaa upande wa pili wa endara. Thembo atapiga, atanyamaza, na safari hii atajibiwa.

Ahsante, Mwalimu Anastasie. Nenda ukapumzike, kama unajua kupumzika kunafanywaje. Tunakuombea siku nyingi na njema, na kila utakaponyamaza, awepo mtu wa kukujibu.